Kumtafiti Mtawala wa Kale: Omukama Rumanyika wa Karagwe na Amri ya Nane

1. Utangulizi

Katika shule zetu za sekondari walimu wa historia huwapa wanafunzi kazi ya kutafiti habari za mtawala wa kale wa mahali wanapokaa. Kwa kijana wa Igurwa, au wa mahali pengine popote katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, jina linalokuja kwanza ni la Omukama Rumanyika, aliyetawala Karagwe kutoka Bweranyange katika karne ya 19. Kijana huuliza kwanza nyumbani, kisha huelekezwa kwa wazee, na mara nyingi hatimaye hufika kwa mchungaji. Jambo hili si la ajabu. Nyumba ya mchungaji ni mojawapo ya nyumba chache za kijijini zenye vitabu, na mchungaji huwafahamu wazee wote kwa kuwa ndiye anayewazuru wakiwa wagonjwa.

Makala haya yameandikwa ili kumsaidia mchungaji huyo, na mwanafunzi wa theolojia atakayekuwa mchungaji kesho. Huenda msomaji akauliza: Je, habari za Omukama asiyebatizwa zinahusu nini kazi yetu? Nitajibu kwa sababu mbili. Kwanza, kuandika habari za mtu aliyekufa ni kumtolea ushuhuda, na Amri ya Nane, kwa hesabu ya Katekisimo yetu, inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Haisemi kwamba jirani akifa amri inakoma. Pili, habari za Rumanyika zilipoandikwa na mgeni kutoka Ulaya aliyemwona, ziliandikwa kwa kutumia Biblia, nayo ilitumiwa vibaya. Madhara yake yamewafikia watu wa ukingo wa Mto Kagera katika kizazi chetu. Kwa hiyo kanisa haliwezi kulitazama jambo hili kama mtu anayepita njia.

2. Rumanyika katika Ufalme wa Karagwe

Kwa masimulizi ya Wanyambo, utawala wa ukoo wa Wahinda katika Karagwe ulianzishwa na Ruhinda, ambaye aliuchukua kutoka kwa Nono wa ukoo wa Wasiita. Ruhinda mwenyewe husemwa kuwa mwana wa Wamara, wa mwisho katika watawala wa Wacwezi wanaosimuliwa katika nchi zote za maziwa makuu. Baada ya Ruhinda walifuatana wafalme wengi hadi Ndagara, na Ndagara alipofariki katikati ya miaka ya 1850 mwanawe Rumanyika, aitwaye pia Orugundu, akakalia kiti chake.

Karagwe ya siku hizo haikuwa nchi iliyofichika. Misafara ya wafanyabiashara iliyotoka pwani ilipumzika Kazeh, yaani Tabora, kisha ikapanda kaskazini kupitia Karagwe kuelekea Buganda. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Omukama, na humo walinunua pembe za ndovu. Rumanyika alifaidika na biashara hiyo, na alijifunza mengi kutoka kwa watu waliokuja nayo. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, alipofika Bweranyange mwezi Novemba 1861, alishangaa kusalimiwa na Omukama kwa Kiswahili kizuri. Mwanafunzi wa leo anayeandika kazi yake kwa Kiswahili na aijue habari hii: lugha anayoitumia ilikuwa ikisemwa na mfalme wa Karagwe zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Kuhusu tarehe inatupasa kuwa waangalifu. Mwaka wa kufa kwa Rumanyika hautajwi sawa katika vitabu vyote: wako wanaoandika 1878, na wako wanaousogeza hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kwa wafalme wa kale zaidi hali ni ngumu zaidi. Wanahistoria huhesabu vizazi, huvipa kila kimoja miaka kadhaa, kisha hurudi nyuma kwa kutoa. Mara chache hupatikana tukio la angani la kusaidia hesabu, kama kupatwa kwa jua kunakosimuliwa huko Biharwe katika nchi ya Nkore, ambako wengi wamekuhesabu kuwa kwa mwaka 1520. Hivyo mwanafunzi akikuta kwamba Ruhinda alitawala katika karne ya 15, na ajue kwamba hayo ni makadirio yaliyopatikana kwa kuhesabu vizazi, wala hakuna aliyeandika tarehe siku ile.

3. Mashahidi Walioandika

Mashahidi wa maandishi waliomwona Rumanyika kwa macho yao na kuacha vitabu ni watatu wanaojulikana zaidi. Wa kwanza ni Speke, aliyekaa katika nchi yake hadi Januari 1862 na kutoa kitabu chake mwaka 1863. Wa pili ni mwenzake James Augustus Grant, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, akaachwa Karagwe mpaka Aprili 1862. Kitabu chake kilitoka mwaka 1864. Wa tatu ni Henry Morton Stanley, aliyefika mwanzoni mwa mwaka 1876 na kuchapisha kitabu mwaka 1878.

Wote watatu wanamsifu. Wanamwita mpole, mwenye heshima na mkarimu. Speke anaeleza kwamba hakudaiwa hongo kama alivyodaiwa katika nchi nyingine alizopita, na kwamba watu wa msafara wake walilishwa kwa amri ya Omukama. Hapa msomaji mwenye busara atakumbuka kwamba mgeni aliyeshiba humsifu mwenyeji. Sifa hizo zaweza kuwa kweli, lakini lazima tujue zilitoka wapi. Mkulima aliyetoa ndizi na mtama ili msafara ule ule hakuulizwa aliuonaje ukarimu huo.

Tena kuna mashahidi waliosimama katikati bila kuandika. Pale ambapo Kiswahili hakikutosha, maneno ya Karagwe yalimfikia Speke kupitia vinywa vya watu wa msafara wake, kama Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao aliyekuwa utumwani India kabla ya kurudi Afrika. Neno lilitoka kwa Omukama au kwa mzee wa baraza, likafasiriwa, kisha likaandikwa Kiingereza usiku hemani. Sisi tunaofundisha ufafanuzi wa Maandiko tunajua jinsi neno linavyoweza kubadilika likipita katika lugha tatu. Ujuzi huo tunaoutumia kwa Kiebrania na Kiyunani, tuutumie pia hapa.

4. Aliyoyaona, Aliyoyasikia, Aliyoyadhani

Napendekeza njia rahisi ambayo mchungaji anaweza kumfundisha kijana kwa jioni moja. Achukue daftari, akate ukurasa kwa mistari miwili isimame, apate nafasi tatu. Nafasi ya kwanza aandike yale ambayo shahidi aliyaona. Ya pili, yale aliyoyasikia kwa wengine. Ya tatu, yale aliyoyadhani. Kisha asome habari za Rumanyika sentensi kwa sentensi, na kila jambo aliweke mahali pake.

Tuanze na mfano wa kuona. Speke alionyeshwa katika makao ya Omukama sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Hilo aliliona, na wengine baada yake waliziona sanamu za namna hiyo. Stanley naye anaeleza nyumba ya hazina yenye sanamu za shaba na mikuki. Lakini Speke anaongeza kwamba ng'ombe wale walitengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mfalme. Jambo hili la pili halikai katika nafasi ya kuona. Wataalamu waliokuja kuzichunguza hazina za Bweranyange wamezitambua kuwa alama za ufalme, na wanaonyesha jinsi ufuaji wa chuma ulivyofungamana na utawala katika nchi hizi za maziwa makuu. Mgeni alikitazama kitu kitakatifu cha ufalme akakiona kuwa kitu cha kuchezea, na kazi ya mfuachuma wa Karagwe akawapa wengine. Macho yake yalikuwa mazima. Dhana yake ndiyo iliyompoteza.

Mfano wa kusikia ni habari ya urithi. Speke anasimulia kwamba Ndagara alipokufa, wana watatu walikuwa na haki ya kurithi: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Mama yake Rogero alikuwa amemtia mwanawe tumaini la ufalme. Ndipo ikawekwa mbele yao ngoma ndogo yenye nguvu ya uganga, ambayo mrithi wa haki peke yake angeweza kuiinua. Ndugu zake walishindwa, Rumanyika akaiinua. Speke hakuwepo, aliambiwa miaka kadhaa baadaye, katika baraza la yule aliyeshinda. Lakini Speke huyo huyo anaandika pia kwamba Rogero hakukubali, kukawa na vita, na kwamba Musa, mfanyabiashara wa Kazeh, alimsaidia Rumanyika kwa watu wenye bunduki.

Kijana ataona habari mbili na atataka kuifuta mojawapo. Asifanye hivyo. Habari ya bunduki inatuambia jinsi vita vilivyokwisha. Habari ya ngoma inatuambia jinsi watu wa Karagwe walivyoelewa kwamba utawala si nguvu tu, kwamba mfalme hana budi kukubaliwa na kitu kilicho juu yake na juu ya ndugu zake. Zote mbili ni historia, kila moja kwa namna yake. Na iko habari ya tatu isiyoandikwa, yaani ile ya Rogero mwenyewe. Mwandishi mwaminifu ataacha nafasi yake wazi na kusema kwamba upande huu haukupata mtu wa kuusikiliza.

Sisi wasomaji wa Biblia hatuna sababu ya kushangaa. Katika 1 Wafalme 1 na 2 tunasoma juu ya mfalme aliyezeeka, wana wanaogombea kiti, mama anayemtetea mwanawe, na hatimaye Adonia anauawa kwa amri ya ndugu yake Sulemani. Maandiko hayamfichi Sulemani. Wala tusimfiche Rumanyika. Yule yule aliyesifiwa kwa upole alimwomba Speke dawa ya kumshinda Rogero, naye alieleza kwamba akimkamata hatamwua, bali atampofusha macho, apate kuishi bila kuwa na uwezo wa kudhuru. Kijana akiliacha jambo hili kwa sababu linaaibisha nchi yake, amefanya kazi ya msifu wa baraza. Akiliandika peke yake na kuuacha ukarimu, amefanya kazi ya mchongezi. Katekisimo inatufundisha kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa wema, haitufundishi kuyaficha.

5. Laana ya Hamu katika Bweranyange

Sasa tuje kwenye nafasi ya tatu ya daftari, ambayo ndiyo inayotugusa zaidi sisi watu wa theolojia.

Mahali pale pale Speke anapoeleza salamu za Kiswahili za Omukama, anaongeza kwamba nyuso za wenyeji wake, macho yao na pua zao zilionyesha damu bora ya Uhabeshi. Katika sentensi mbili zinazofuatana ametoka kwenye yale aliyoyaona na kuingia kwenye yale aliyoyadhani, na msomaji asiye mwangalifu hatambui kwamba amevushwa. Baadaye katika kitabu anaweka maelezo marefu juu ya asili ya wafugaji aliowaita Wahuma, akidai kwamba walitoka Uhabeshi, wakawatawala wakulima waliowakuta. Yeye mwenyewe anaita jambo hilo nadharia yake. Waliomfuata walilisahau neno hilo, wakaishika nadharia kama habari iliyothibitishwa.

Chini ya nadharia hiyo kulikuwa na Biblia. Katika utangulizi wa kitabu, Speke anamtaja Hamu aliyelaaniwa na baba yake awe mtumwa wa Shemu na Yafethi, na anaiona hali ya Waafrika wa wakati wake kuwa uthibitisho wa Maandiko Matakatifu. Basi mwanafunzi wa theolojia na afungue Mwanzo 9:18-27 asome kwa utulivu. Nuhu amelewa, Hamu ameuona uchi wa baba yake, na Nuhu alipolevuka akatamka laana. Laana hiyo inamwangukia nani? Inamwangukia Kanaani. Hamu hakulaaniwa. Kushi hakulaaniwa, wala Misri, wala Putu, ambao sura ya 10 inawataja kuwa wana wengine wa Hamu. Hakuna neno lolote juu ya rangi ya ngozi. Tena, laana yenyewe imetoka kinywani mwa mtu aliyeamka kutoka katika ulevi, Mungu hakuitamka. Kwa karne nyingi wenye watumwa waliusoma ukurasa huu wakiwa na jibu tayari mkononi, na Speke aliupokea kutoka kwao.

Speke hakuiweka dhana hii katika kitabu tu. Aliipeleka mbele ya Rumanyika mwenyewe. Anasimulia kwamba alimwambia Omukama kuwa aliwastahi watu wa ukoo wake, kwa kuwa aliamini wametokana na Wahabeshi. Kwamba Wahabeshi ni Wakristo kama Waingereza. Na kwamba Wahuma nao wangekuwa Wakristo kama wasingalipoteza ujuzi wa Mungu. Alijitolea kuwachukua wana wawili wa mfalme wakasomeshwe Uingereza. Yakafuata mazungumzo marefu ya theolojia na ya historia, na Omukama alipendezwa.

Tulitafakari jambo hili, ndugu wasomaji. Hapa tuna mazungumzo ya Ukristo katika baraza la Karagwe yaliyoandikwa miaka mingi kabla ya kuwapo usharika wowote katika nchi hiyo, na ndani yake imani inaelezwa kama mali ya damu. Wengine wanastahili kuijua kwa sababu ya pua zao na nasaba yao. Wengine, waliokuwa wakilima mashamba nje ya boma, hawakutajwa. Hiyo si Injili. Paulo huko Athene alisema kwamba Mungu alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja (Mdo. 17:26). Neno hilo halikusemwa Bweranyange siku ile.

Kwa mtafiti kuna onyo jingine hapa. Mtu anayeuliza huku akilitoa jibu humfundisha shahidi wake. Ikiwa mzee wa leo anasema kwamba wafalme walitoka Uhabeshi, inatupasa kuuliza: Je, ni mapokeo ya kale, au ni mwangwi wa yale waliyoyasema wageni, yakaandikwa vitabuni, yakafundishwa shuleni, yakarudi kwa wazee? Ndiyo maana kijana asimwulize mzee, "Je, ni kweli kwamba Wahinda walitoka kaskazini?" Amwulize, "Mlisimuliwa nini juu ya mwanzo wao, na ni nani aliyewasimulia?"

6. Matunda ya Nadharia

Nadharia hii haikubaki katika maktaba. Wasomi wa Ulaya waliipa sura ya sayansi, watawala wa kikoloni na wamisionari wengi waliipokea, na katika nchi jirani ya Rwanda ikawa msingi wa kuwagawa watu. Watutsi waliitwa Wahamiti, wageni waliozaliwa kutawala. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho. Baadaye siasa ilipogeuka, neno lile lile lililotumiwa kuwainua lilitumiwa kuwaangamiza: ikiwa ni wageni, na warudi kwao. Mwezi Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akasema juu ya kuwarudisha Watutsi Uhabeshi kwa njia ya Mto Nyabarongo. Kati ya Aprili na Julai 1994 watu wapatao 800,000 waliuawa kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na Kagera, mpaka wa magharibi wa Karagwe, ikachukua maiti mpaka Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kwa muda mfupi sana, na kabla ya mwaka kwisha wakimbizi katika Ngara na Karagwe walizidi nusu milioni. Walikuwamo wajane na yatima, na walikuwamo pia walioua.

Sisemi kwamba Speke aliua watu mwaka 1994. Watu huua kwa mikono yao wenyewe na watajibu kwa ajili ya mikono hiyo. Nasema kwamba dhana iliyoandikwa kana kwamba ni jambo lililoonwa, ikatiwa muhuri wa Maandiko, ilikaa miaka 130 ikingoja watu wa kuitumia. Kwa sababu hiyo kazi ndogo ya kijana wa shule ina uzito. Anapoandika kwamba mfalme wake alikuwa "Mhamiti", kwa kuwa amelikuta neno katika kitabu cha zamani, analiendeleza bila kujua.

Wanahistoria wameiacha nadharia hiyo. Wahima na Wairu wa nchi hizi husema lugha moja, nayo ni ya Kibantu, na koo zao nyingi ni zile zile. Tofauti ya ufugaji na ukulima ilikuwapo, na tofauti ya cheo ilikuwapo, wakati mwingine kwa uonevu. Lakini tofauti ya kazi na cheo ni mambo ya historia ya watu, nayo yaweza kuelezwa bila kumtafuta babu wa kigeni.

7. Wazee na Masimulizi

Je, basi tuyaache maandishi tushike masimulizi peke yake? Hapana. Masimulizi nayo yana mwenyewe. Yaliyohifadhiwa kwa uangalifu zaidi ni yale ya ukoo wa kifalme, kwa sababu nasaba ilikuwa hati ya utawala. Wasiita wana kumbukumbu yao juu ya Nono. Wakulima wana yao. Wanawake wana yao, na hao ndio waliosahauliwa kuliko wote. Katika kitabu cha Speke mke wa mkubwa mmoja wa Karagwe, aliyenoneshwa kwa maziwa kwa desturi ya baraza, anaonekana kwetu kwa vipimo vya mkono, kifua na paja alivyochukua Speke kwa utepe. Neno alilolisema yeye mwenyewe juu ya maisha yake hatuna. Kijana akipata bibi mzee anayekumbuka aliyosimuliwa na bibi yake juu ya maisha ya wanawake katika boma la kifalme, ameokota kitu ambacho wasafiri watatu walikikosa.

Mwanahistoria Israel Katoke alifanya kazi ya namna hii alipoandika habari za ufalme wa Karagwe. Kitabu chake kikubwa kilichapishwa Nairobi mwaka 1975, na bado ni mlango mzuri kwa anayeanza. Aliyaweka masimulizi ya Wanyambo kando ya maandishi ya wageni, yakapimana. Njia hiyo si ngeni kwetu. Mwinjilisti Luka anaeleza mwanzoni mwa kitabu chake (Lk. 1:1-4) kwamba wengi wamekwisha kuandika, kwamba habari zilitoka kwa mashahidi walioona, na kwamba yeye amechunguza yote tangu mwanzo ili aandike kwa taratibu, na lengo lake ni msomaji apate kuujua uhakika. Wala vitabu vya Wafalme na vya Mambo ya Nyakati havisimulii sawa: cha pili kinanyamaza juu ya jinsi Bath-sheba alivyomtetea mwanawe. Kanisa halikuchoma kimojawapo. Lilivihifadhi vyote, na kutufundisha kusoma kwa kulinganisha.

8. Mchungaji Afanye Nini

Napenda kutoa mapendekezo machache kwa watumishi walio katika sharika.

Kwanza, mchungaji amsaidie kijana kuchagua swali dogo. "Habari za Rumanyika" ni bahari. "Watu wa kijiji chetu wanasimulia nini juu ya namna Rumanyika alivyopata ufalme?" ni kisima ambacho mtu mmoja anaweza kukichota.

Pili, ampeleke kwa wazee kwa adabu. Kijana aandike jina la mzee kwa ruhusa yake, ukoo wake, siku ya mazungumzo, na nani alimsimulia. Aandike kwa Kinyambo kwanza kama mzee amesema kwa Kinyambo, ndipo afasiri. Maneno ya ufalme yasiyo na neno lake katika Kiswahili yabaki kama yalivyo na kuelezwa.

Tatu, asimwulize mzee mmoja tu, wala wa ukoo mmoja tu. Akimwuliza Mhinda, amwulize na Msiita. Akimwuliza babu, amwulize na bibi.

Nne, asome maandishi akiwa na daftari lake la nafasi tatu.

Tano, mchungaji asitumie nafasi hiyo kumhubiria kijana kwamba mambo ya kale yote yalikuwa giza. Ngoma, mizimu na uganga wa baraza ni sehemu ya habari, na mtafiti ana wajibu wa kuzieleza kama wenyewe walivyozielewa. Kueleza si kuabudu. Nabii aliyeeleza miungu ya Babeli hakuwa mwabudu wao. Lakini pia asiifanye enzi ya Rumanyika kuwa bustani ya Edeni. Katika njia ya misafara ile ile watu waliuzwa, na wanakijiji walibeba gharama ya ukarimu wa mfalme.

9. Hitimisho

Mamlaka ya machifu iliondolewa Tanganyika mwaka 1963. Leo hakuna wa Karagwe anayelazimika kumsifu Rumanyika kwa hofu, wala hakuna anayenufaika kwa kumchafua. Tuna uhuru ambao watu wa baraza lake hawakuwa nao, yaani uhuru wa kusema kweli juu yake. Bweranyange, mahali alipokaa, pana sasa shule ya sekondari ya wasichana ya kanisa letu, na binti anayesoma hapo anaweza kuuliza maswali ambayo Speke hakuuliza.

Chuo chetu kinawatuma watumishi waende kufundisha Neno katika sharika za mahali hapo. Tuwatume wakijua kwamba kijana akija na karatasi yake ya historia, anauliza pia jambo la imani: Je, watu waliokuwa kabla yetu walikuwa watu kamili, waliopendwa na Mungu na waliotenda dhambi, kama sisi? Jibu letu litaonekana katika namna tunavyomsaidia kutenganisha yaliyoonwa, yaliyosikiwa na yaliyodhaniwa, na katika ujasiri wetu wa kumwonyesha, Biblia ikiwa wazi mbele yake, kwamba laana ile haikuandikwa mahali walipoisoma.